Programu za zamani zinaangusha kompyuta nzima, au tunazisingizia?

#1 Karani_Busia
Jamani habari zenu. Mimi ni karani kwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Busia, upande wa Uganda wa mpaka. Stoki na madeni yote yamo kwenye programu moja ya DOS, ule mfumo wa kabla ya Windows, ambayo kijana mmoja alimwandikia Hajji mwaka 2003. Skrini nyeusi, maandishi ya njano, F4 unaona madeni, F9 unachapa. Kijana mwenyewe alishaenda zake Dubai, simu haiiti. Programu haijawahi kutukosesha hata shilingi mia.

Mwezi wa pili kompyuta ya zamani ilikufa. Hajji akanunua mtumba wa kontena, fundi akatuwekea Windows 10 ya biti 32, akasema ile ya 64 haiwezi kuiendesha programu yetu. Tangu hapo sina amani. Kila alasiri, kwenye saa kumi hivi, nabonyeza F9 nitoe ripoti ya jioni. Printa inalia, inaandika mistari miwili mitatu, halafu skrini nzima inageuka bluu, na kale kauso kenye huzuni kananiangalia.

Fundi anasema programu imezeeka, inauozesha mfumo, anataka milioni tatu atuwekee mpya. Hajji anasema programu haizeeki, si ng'ombe. Nani mkweli? Programu ya zamani inaweza kuangusha Windows nzima?

#2 FundiKatwe
Haiwezi. Mwambie huyo fundi aache kula pesa za Hajji.

Nieleze kidogo. Mliokaa Kampala mnaijua mizigo, zile nyumba za chumba kimoja kimoja zilizojipanga kwenye mstari. Windows 95 ilipotoka mwaka 1994 mambo yalikuwa hivi: programu mpya za biti 32 kila moja ilipewa chumba chake, lakini za zamani za biti 16 zilirundikwa zote chumba kimoja. Tena choo kimoja, ufunguo mmoja. Kila aliyetaka kuchora dirisha kwenye skrini alipaswa kuushika ule ufunguo kwanza. Programu ya biti 16 ikiingia nao, ikasinzia humo ndani, ploti nzima inabana miguu nje. Hapo ndipo wazee wetu walipojifunza kuzima kompyuta kwa kung'oa waya.

Familia ya NT, ambayo XP, 7, 10 na 11 ni watoto wake, ilijenga ukuta. Programu ya DOS inafungiwa kwenye kibanda chake kinaitwa NTVDM. Ikichizika inakufa na kibanda chake, majirani wanaendelea kupika. Skrini ya bluu haitoki kwa programu ya kawaida. Tafuteni mchawi mwingine.

#3 Mwalimu_Tororo
Fundi, somo zuri ila Windows 95 ilitoka tarehe 24 Agosti 1995. Jina lenyewe linakwambia, ssebo.

Naunga mkono hoja yake kwa kisa. Nilifundisha Pascal, lugha ya kuandikia programu, miaka mingi. Shule ilipopewa kompyuta mpya, zenye kasi, programu zote za wanafunzi zilizoandikwa kwa Turbo Pascal zikawa zinakufa kabla hata hazijafunguka: "Runtime error 200". Tukadhani virusi. Kumbe kile kipande kinachoitwa CRT, kila kinapoamka, kinahesabu mashine inazunguka mara ngapi ndani ya mlio mmoja wa saa, kisha kinagawa kwa 55. Kwenye mashine zenye kasi jibu likawa kubwa mno, halikuenea kwenye biti 16, na kichakato kikapiga kelele kana kwamba umegawa kwa sifuri. Programu ilikufa kwa sababu mashine ni nzuri kupita kiasi! Lakini angalia: ilikufa yenyewe. Windows haikutikisika.

#4 Mpigachapa_K
Napinga. Mimi niko Nasser Road, kazi yangu kadi za harusi, kalenda na mabango ya wagombea. Natumia programu ya kuchorea ya zamani kuliko watoto wangu kwa sababu mafaili yote ya wateja yamo humo. Asubuhi iko sawa. Kufika saa nane mchana, menyu zinatoka bila maandishi, vitufe vinakuwa vyeusi, hata folda za Windows zinafunguka nusu nusu. Naifunga programu, kila kitu kinarudi. Sasa huo ukuta wako Fundi uko wapi?

#5 dada_seva
Mpigachapa, hilo lina jina. Kila kalamu, fonti na picha inayochorwa inaandikwa kwenye daftari la GDI, sehemu ya Windows inayochora skrini. Programu moja inaruhusiwa vitu 10,000, na kikao kizima cha mtumiaji kina nafasi 65,536. Programu mbovu inakopa, hairudishi. Fungua Task Manager, nenda kwenye Details, bonyeza kulia juu ya vichwa vya safu, ongeza safu ya GDI objects. Utaiona namba inapanda kila ukifungua faili.

Kwa hiyo Fundi yuko sawa kwamba ukuta upo, na wewe uko sawa kwamba chini ya ukuta bomba la maji ni moja. Mfumo haujaanguka, umeishiwa.

#6 Mpigachapa_K
Nimeangalia. 9,870 na inapanda. Banange. Asante dada.

#7 Afande_Mstaafu
Mnazunguka mbali. Karani amesema KILA SIKU SAA KUMI. Programu haina saa ya mkononi. Nani mwingine anaanza kazi saa kumi hapo Busia? Karani, jirani yako ni nani?

#8 Karani_Busia
Afande!! Ukuta wa nyuma kuna kijana anachomelea mageti. Mchana jua kali, anaanza kazi alasiri. Akigusa chuma taa zetu zinafifia.

Halafu nilisahau: nyuma ya kompyuta, kwenye lile tundu kubwa la printa, kumechomekwa kidude cha leseni ukubwa wa kiberiti, na waya wa printa umepita juu yake. Bila hicho programu inakataa kufunguka. Fundi alihangaika siku nzima kutafuta CD yake.

#9 FundiKatwe
HAPO! Hicho kidude ndicho dongo (dongle)! Kwa nini hukusema mwanzoni?

#10 Kijana_Arua
Dongo la udongo? Duka la ujenzi kweli, hata kompyuta mnaijengea kwa tofali 😂

#11 FundiKatwe
Cheka tu. Dongo lina draiva, programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, na draiva haikai kwenye muzigo, inakaa kwa mwenye nyumba. Ina funguo za vyumba vyote. Programu ya kawaida ikigusa kumbukumbu isiyo yake inafukuzwa. Draiva ikifanya hivyo hakuna wa kuifukuza, kwa hiyo Windows inajizima yenyewe isije ikaandika uchafu kwenye diski. Ile bluu ndiyo hiyo.

Na angalia balaa lilivyoingia. Windows za biti 64, tangu enzi za Vista, zinadai draiva iwe na sahihi. Ya biti 32 haikuwahi kukaza hivyo. Fundi wenu alichagua 32 ili kibanda cha DOS kipatikane, na mlango huohuo ukaingiza draiva iliyoandikwa wakati XP bado ni mpya. Mimi nilisema programu haiwezi. Sikusema shemeji yake hawezi.

#12 Mwalimu_Tororo
Fundi amegeuka kama kinyonga, lakini kageuka vizuri.

#13 Mgeni_Bukoba
Wakuu, salaam kutoka ng'ambo ya ziwa. Niliendesha intaneti kafe enzi za Windows 98, naona mmesahau jehanamu ya DLL. Kila CD ilikuja na mafaili yake ya DLL, vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi, na kuyatupa kwenye folda moja ya System, juu ya yaliyokuwepo, bila hodi. Ukiweka kamusi, programu ya hesabu inakufa. Ukirudisha programu ya hesabu, printa inapotea. Nilikuwa na daftari la karatasi la kuandika nani kaingia na nani kafa baada yake. Programu ya zamani haihitaji draiva kuua mfumo, inatosha ibadilishe faili moja ambalo wengine wanalitegemea. Hiyo 98 nayo ni NT, au sivyo?

#14 dada_seva
Karibu kaka. Hapana, 98 ni ukoo wa 95, pamoja na ME. NT ni ukoo mwingine, ulikuja kuingia majumbani na XP mwaka 2001.

Jehanamu yako ilikuwa ya kweli, lakini Windows 2000 ilikuja na mlinzi: ukifuta au ukibadilisha faili la mfumo, linarudishwa nyuma ya mgongo wako. XP ikaruhusu matoleo tofauti ya DLL moja yakae bega kwa bega, ndiyo ile folda ya WinSxS mnayoilaumu kwa kujaza diski. Leo sakinisho la zamani likijaribu kuandika juu ya faili la mfumo mara nyingi linanyimwa ruhusa, basi.

#15 Kijana_Arua
Mgeni, "wakuu" ndiyo nini? Huku tunasema ssebo na nnyabo, mkuu ni wa shule.

#16 Mgeni_Bukoba
Nyie wenye "kauso" na "banange" mnanifundisha Kiswahili? 😂😂 Dunia imeisha.

#17 Afande_Mstaafu
Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda kwa katiba tangu 2005, na sisi jeshini tulikisema kabla yenu nyote. Turudi kwenye mada. Karani, nunua stabilaiza au UPS, anza hapo. Nimeshuhudia redio ya mawasiliano inayopona kila wakibadilisha jenereta.

#18 Dawa_Mbale
Naomba niongeze langu, siyo la skrini ya bluu ila liliniumiza. Nina duka la dawa. Programu yetu ni ya Visual Basic 6, ya mwaka 2002, inaandika data ndani ya folda yake mwenyewe, Program Files. Tulipohama XP kwenda Windows 7 nikamfungulia mdogo wangu akaunti yake ili asiguse vitu vyangu. Mwisho wa mwezi yeye anaona katoni 40 za dawa ya maji, mimi naona 65. Nilimfikiria mwizi. Tulikaa wiki mbili hatusemeshani, mama akaitwa kutoka kijijini.

Kumbe Windows tangu Vista hairuhusu programu ya kawaida kuandika Program Files. Ili za zamani zisilie, inazidanganya: "sawa, nimeandika", huku inapeleka nakala kwenye folda inayoitwa VirtualStore ndani ya akaunti ya kila mtu. Kila mmoja wetu alikuwa na duka lake. Mfumo ulikuwa imara kabisa, sisi ndio tulianguka.

#19 Karani_Busia
Pole sana dada. Mlipatana?

#20 Dawa_Mbale
Tulipatana. Mama alidai kuku.

#21 Pengwini_Gulu
Yote haya kwa sababu ya kuogopa Linux. Weka Linux, weka DOSBox ndani yake, programu ya Hajji itakaa humo mpaka Hajji awe babu wa babu. Kwenye Linux kuna sheria, Linus Torvalds, aliyeianzisha, huwaka moto akisikia mtu kabadilisha kerneli, yaani moyo wa mfumo, ikavunja programu za watu.

#22 dada_seva
Pengwini, sheria hiyo ni ya kerneli. Maktaba zilizo juu yake, vile vipande vya msimbo ambavyo programu huviazima, hazijaapa kiapo. Chukua programu ya Linux ya mwaka 2003 iliyoegemea maktaba za wakati ule, ujaribu kuifungua leo, halafu utuletee majibu. Na DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo. Dongo la leseni utalichomeka wapi humo?

#23 Pengwini_Gulu
...kuna watu wamefanikiwa.

#24 Kijana_Arua
"Kuna watu" ni jina la ukoo wa watumiaji wa Linux.

Lakini mimi nasema uzee ndio tatizo. Angalieni Julai 2024, viwanja vya ndege vilisimama, benki zilisimama, eti programu ya zamani ndani ya Windows ilichakaa.

#25 dada_seva
Hapana ssebo, kinyume chake. Hiyo ilikuwa 19 Julai 2024, sasisho JIPYA la CrowdStrike, kampuni ya ulinzi wa kompyuta. Lilikuwa na umri wa dakika tu. Faili la data lenye kasoro lilisomwa na draiva inayokaa kwenye kerneli, draiva ikasoma kumbukumbu isiyokuwepo, na kompyuta kama milioni 8.5 zikageuka bluu, nyingi zikawa zinazunguka kuwaka na kuzimika. Haikuwa uzee. Ni mahali inapokaa.

Ndiyo maana namba ya mwaka kwenye programu hainitishi. Nauliza: inakaa kwenye chumba au kwa mwenye nyumba?

#26 Mwalimu_Tororo
Dada, uzee nao una kazi yake, usiufute wote. Draiva ya 2003 iliandikwa mashine ikiwa na kichakato kimoja. Mwandishi hakufikiri kwamba viini viwili vitaingia kwenye msimbo wake kwa wakati mmoja. Kwake ilikuwa sahihi miaka yote, leo wawili wanakutana mlangoni na wanagongana. Kosa lilikuwepo tangu siku ya kwanza, ila hapakuwa na wa kulikanyaga.

Kuna na lile la muda. Windows 95 na 98 zilikuwa zikiachwa zinawaka siku 49.7 zinaganda, kwa sababu saa ya milisekunde ilikuwa ya biti 32 na ilijaa. Watu walichelewa kugundua kwa kuwa hakuna aliyefikisha siku 49 bila kuanguka kwanza kwa sababu nyingine 😄

#27 FundiKatwe
Hiyo nimeipenda.

#28 Mzee_wa_Jinja
Watoto wangu, mnaongea kana kwamba programu ndiyo inauonea mfumo. Mfumo nao hubebeshwa. SimCity ya zamani ilikuwa na tabia ya kurudisha kipande cha kumbukumbu kisha inaendelea kukisoma. Kwenye Windows 3.x ilipita salama kwa sababu hakuna aliyekichukua haraka. Windows 95 ilipokuja, mchezo ukawa unaanguka. Mnadhani Microsoft walimwambia mwenye mchezo arekebishe? Waliingiza kwenye Windows kipande cha kuitambua SimCity, na ikitambuliwa, kumbukumbu haichukuliwi haraka. Zile "compatibility mode" mnazobonyeza leo ni ukoo wa ujanja huohuo.

Kila ujanja wa namna hiyo ni kiraka. Suruali ya viraka mia inasitiri, lakini muulize fundi cherehani kama anapenda kuigusa.

#29 Kijana_Arua
Mzee, wewe ulicheza SimCity?

#30 Mzee_wa_Jinja
Nilikuwa meya bora kuliko hawa wa siku hizi.

#31 dada_seva
Karani, tuache hadithi tupate ushahidi. Nenda C:\Windows\Minidump, hesabu mafaili. Kila bluu moja huacha faili moja. Kuna programu ndogo ya bure inaitwa BlueScreenView, itakuonyesha kila faili linamtaja nani. Halafu andika kwenye menyu ya Start: perfmon /rel. Utapata kalenda yenye misalaba myekundu, uone kama kweli ni saa kumi kila siku au ni macho yako.

#32 Karani_Busia
Nimefanya, nimechelewa kidogo kwa sababu Hajji alikuwa anataka kompyuta. Mafaili 11. Sita yanataja faili la draiva ya dongo. Matatu yanataja ntoskrnl.exe, moja limeandika MEMORY_MANAGEMENT. Mawili yanataja win32k.

Na kalenda: tisa ni kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Mbili ni asubuhi.

#33 FundiKatwe
Sita kwa kumi na moja! Kesi imekwisha, funga faili, mpeleke dongo jela ya Luzira.

#34 Mwalimu_Tororo
Taratibu. Wahalifu watatu tofauti kwenye mashine moja, mimi nashuku RAM. Kumbukumbu ikiwa na kidonda, anayeumia ni yeyote aliyekuwa amekaa hapo wakati huo. Leo draiva, kesho kerneli. Na mtumba wa kontena umesafiri baharini miezi.

#35 Afande_Mstaafu
Tisa ni saa kumi. TISA. Mchomeleaji.

#36 dada_seva
Jina kwenye faili la minidump ni la aliyekutwa eneo la tukio. Si lazima awe ndiye mwizi. Mnajua wenyewe sokoni mtu akipiga kelele "mwizi" anayepigwa ni yupi: aliyekuwa anakimbia, hata kama alikuwa anakimbilia taksi.

Mwalimu na Fundi wanaweza kuwa sawa wote. Tena ripoti ya jioni ndiyo kazi pekee inayogusa dongo, printa na diski kwa pamoja, na inatolewa saa kumi. Karani, siku ukiitoa asubuhi inakuwaje?

#37 Karani_Busia
Zile mbili za asubuhi ndizo siku nilizochapa asubuhi! Hajji alikuwa anasafiri. Lakini kuna siku nyingine nimechapa asubuhi ikapita vizuri.

Nijaribu Jumapili? Mchomeleaji hafungui Jumapili, anasali.

#38 Mpigachapa_K
Kabla ya Jumapili, gusa kompyuta kwa juu. Programu za DOS hazijui kupumzika. Zilizaliwa mashine ikiwa yao peke yao, kwa hiyo zinaposubiri ubonyeze kitufe zinauliza "umebonyeza? umebonyeza? umebonyeza?" maelfu ya mara kwa sekunde. Kiini kimoja cha kichakato kinakuwa asilimia mia kutwa. Jumlisha vumbi la saruji. Mimi ya kwangu niliifungua nikakuta feni imevaa sweta.

#39 Karani_Busia
Ni ya moto. Paka wa duka analala juu yake.

#40 Kijana_Arua
Maelezo ya sita: paka.

#41 Pengwini_Gulu
Ya saba: muda wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na 11 haina toleo la biti 32 kabisa. Hata mkimpata mwizi, nyumba yenyewe inabomolewa. DOS ya Hajji haina pa kuhamia ila kwenye mashine pepe, kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta.

#42 FundiKatwe
Hapo, kwa mara ya kwanza, nakubaliana na Pengwini. Weka alama kwenye kalenda. Hajji asiiunganishe tu na intaneti, ifanye kazi mpaka ichoke.

#43 Karani_Busia
Majibu ya Jumapili. Nilichapa ripoti mara saba. Sita zimetoka safi. Ya saba bluu. Mchomeleaji hakuwepo.

#44 Afande_Mstaafu
Moja kwa saba si kama kila siku. Umeme ulichangia.

#45 Mwalimu_Tororo
Ya saba ndipo joto limepanda. RAM au joto.

#46 FundiKatwe
Mara saba kuita draiva, ya saba imejikwaa. Dongo.

#47 Dawa_Mbale
Kila mtu kaona katoni zake 🙂

#48 Karani_Busia
Jamani, mtoto wa Hajji amekuja kutoka Kampala, yuko chuo anasoma kompyuta. Kwa asubuhi moja amepuliza vumbi, amebadilisha RAM, ameondoa antivairasi moja (zilikuwepo mbili, sikujua), amenunua stabilaiza, na amepata mtandaoni draiva ya dongo ya mwaka wa mbele kidogo. Paka amefukuzwa. Nilimwambia afanye moja moja tujue ni lipi, akacheka.

Siku ya tisa leo, hakuna bluu.

#49 FundiKatwe
Draiva mpya. Mnaona.

#50 Afande_Mstaafu
Stabilaiza.

#51 Mwalimu_Tororo
RAM. Na mumwambie huyo kijana chuo chake kinamdai kipindi kimoja cha mbinu za majaribio.

#52 dada_seva
Antivairasi mbili kwenye kerneli moja! Hilo hatukuliuliza hata. Ningeweka dau langu hapo, ila sasa hakuna wa kunilipa.

#53 Mzee_wa_Jinja
Ile RAM ya zamani ipo? Msiitupe, ipimeni kwenye mashine nyingine usiku kucha.

#54 Karani_Busia
Ameiuza, mzee.

#55 Karani_Busia
Ndugu zangu, siku ya kumi, saa kumi na dakika kumi na mbili. Si bluu safari hii. Nimebonyeza F9, printa imeandika mistari miwili, programu imeganda. Haijibu kitufe chochote. Mausi inatembea, saa ya Windows inaenda. Hajji amesimama nyuma yangu.

#56 FundiKatwe
Mausi inatembea? Basi Windows ni nzima, kilichokwama ni kibanda cha DOS. Nilisema kwenye #2. Usizime, subiri.

#57 Mwalimu_Tororo
Usiguse kitu. Angalia Task Manager, ntvdm.exe inakula asilimia ngapi?

#58 Karani_Busia
50. Viini ni viwili. Haishuki.

#59 dada_seva
Inasubiri kitu. Kuna taa yoyote inawaka kwenye printa?

#60 Karani_Busia
Moja nyekundu.

#61 Afande_Mstaafu
Karani. Karatasi zipo?

#62 Karani_Busia
Afande, nakuomba, Hajji asiuone huu uzi.